Maji Ndani ya Kuni

Mvua za masika zinapokatika katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, milio ya mashoka huanza kujibizana kutoka kilima hadi kilima. Mei ndiyo mlango wa kiangazi, na kwa familia za Njombe, Makete na Mufindi ndio mwanzo wa hesabu ya kuni za mwaka mzima. Mbele kuna Juni na Julai, miezi ya baridi kali ambapo moto wa jikoni haupiki tu, bali huotwa na wazee na watoto hadi saa ya kulala. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna alfajiri ambazo nyasi hufunikwa na barafu nyembamba. Baada ya baridi huja Novemba na mvua zake, na kuanzia hapo hadi Aprili hakuna jua la kuaminika la kukausha chochote.

Kuni zitakazowaka vizuri wakati wa mvua ni zile zilizokatwa, zikachanjwa na kupangwa mapema. Anayesubiri mpaka akiba iishe ndipo ashike shoka hupikia kuni mbichi, na kuni mbichi ni ghali hata zikipatikana bure. Huongeza safari za kwenda msituni, hujaza nyumba moshi, na huangusha miti ambayo ingeweza kubaki imesimama.

Nusu ndoo ya maji kichwani

Katika miti mingi iliyokatwa punde, karibu nusu ya uzito ni maji. Mama aliyejitwisha mzigo wa kuni mbichi wa kilo 20 amebeba takriban lita 10 za maji, yaani nusu ya ndoo kubwa ya plastiki, pamoja na kilo 10 tu za mti wenyewe. Maji hayo hayapiki ugali. Ni lazima yachemshwe na kugeuzwa mvuke kabla ukuni haujatoa joto la maana, na kazi hiyo hula moto.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya kuni mbichi za namna hiyo hutoa takriban megajuli 8 za joto. Kilo moja ya kuni zilizokaushwa hadi maji yakabaki asilimia 20 hutoa takriban megajuli 14. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na kilo ya kuni kavu kuwa na mti mwingi zaidi na maji machache. Lakini hata ukiufuatilia ukuni mmoja ule ule, kuyageuza maji yake kuwa mvuke hula karibu sehemu moja kati ya saba ya joto lote lililomo ndani yake. Hasara nyingine, ambayo mara nyingi huwa kubwa zaidi, hupitia kwenye moshi.

Mti hauungui wote kwa pamoja. Ukipashwa joto, kwanza hutoa mvuke. Joto likipita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, mti wenyewe huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hizo zikikutana na hewa na joto la kutosha ndizo zinazowaka zikawa ndimi za moto. Takriban robo tatu au zaidi ya uzito wa mti mkavu huondoka kwa njia hiyo. Kinachobaki ni kaa jekundu, ambalo huungua polepole. Ili gesi ziungue barabara, moto unahitaji kuwa mkali, na maji yanayochemka ndani ya ukuni huushusha ukali huo. Gesi zisizoungua hupanda zikiwa moshi: lami inayonata kwenye paa, masizi yanayopaka sufuria, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Nishati yote iliyomo katika moshi huo imeshabebwa na kulipiwa jasho, kisha ikatoka dirishani bila kuchemsha kitu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo takriban milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Kuni kavu haziondoi hatari hiyo. Hata moto mzuri wa mafiga matatu hutoa chembe zinazodhuru mapafu, na hakuna kukausha kunakoweza kuchukua nafasi ya dirisha lililo wazi, bomba la moshi au nishati safi. Hata hivyo, kati ya jiko linalofuka na jiko linalowaka kuna tofauti ambayo mama na mtoto aliye mgongoni huisikia machoni na kifuani siku hiyo hiyo.

Kwa nini zichanjwe

Mti ni mithili ya fungu la mirija myembamba iliyosimama wima, iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini kwenda majanini. Mti ukishakatwa, maji bado hupenda njia ile ile: hutoka kwenye ncha za gogo kwa kasi iliyo zaidi ya mara kumi ya ile ya kupenya ubavuni. Anayetaka ushahidi atazame ukuni mbichi uliosukumwa kati ya mafiga. Upande mmoja unaungua, na upande wa pili, ulio nje ya moto, unatoa povu na kuchuruzika maji ya moto huku ukilia.

Ndiyo maana urefu una maana kubwa. Gogo la mita mbili lina ncha mbili tu. Likikatwa pingili tano za sentimita 40, ncha zinakuwa kumi, na kila tone la maji lina safari fupi ya kutoka. Wapishi wengi hupenda kuni ndefu kwa sababu zinasukumwa taratibu kadiri zinavyoungua, lakini kuni hizo hukauka kwa shida. Majiko banifu nayo yana mdomo mdogo, na hufanya kazi vizuri yakilishwa vipande vyembamba. Gogo nene likilazimishwa humo huziba njia ya hewa, na jiko lililonunuliwa kupunguza moshi huanza kuutoa.

Gome ni kizuizi kingine. Mti uliliweka ili lisiruhusu maji kupotea, na hata baada ya mti kufa gome huendelea na kazi hiyo. Ukuni wa mviringo uliovikwa gome pande zote unaweza kukaa kiangazi kizima na bado ukawa mbichi kwenye kiini. Shoka linapoupasua mara moja, hufungua uso mpya kutoka kiini hadi ukingo. Likiupasua mara nne, hewa inaingia kila mahali.

Njombe kuna mfano wa zamani. Kampuni ya Tanganyika Wattle, maarufu kama TANWAT, ilianzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, miti yenye asili ya Australia ambayo gome lake lina tanini ya kutengenezea ngozi. Baada ya gome kubanduliwa, hubaki magogo meupe yanayokauka upesi na kuwaka kwa joto kali, na mwaka 1995 kampuni hiyo ilianza kuzalisha umeme kwa mvuke unaotokana na kuchoma mabaki ya miti. Viwanda vya chai vya Mufindi na vile vya Kericho nchini Kenya navyo hutumia tanuri za kuni kukaushia majani, hupanda mikaratusi kwa ajili hiyo, na hupanga magogo yakauke kabla ya kuyatia motoni. Kiwanda kinalipia kila shehena, kwa hiyo kinajua hasara ya kuchoma maji.

Shoka na mpini wake

Wahenga walishasema kuwa shoka lisilo mpini halichanji kuni, na mafundi wa kuni wangeongeza kuwa mpini uliolegea ni hatari zaidi ya kutokuwa na mpini. Vijijini Afrika Mashariki kuna aina mbili za mashoka. Shoka la kienyeji ni ulimi wa chuma uliopenyezwa kwenye tundu katika kichwa kinene cha mpini. Kila pigo huukaza ulimi huo zaidi. Wahunzi wengi huyafua mashoka hayo kutoka springi chakavu za magari, chuma kigumu kinachoshika makali. Shoka la dukani ni kinyume chake: chuma ndicho chenye tundu, na mpini hupita ndani yake na kukazwa kwa kabari ndogo.

Shoka la dukani hulegea wakati wa kiangazi kwa sababu mti wa mpini husinyaa. Wengi hulizamisha kwenye ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi linakuwa limekaza. Dawa hiyo ni ya muda. Mti uliovimba ndani ya tundu la chuma hujibana wenyewe hadi nyuzi zake zikaminyika, na ukikauka tena hulegea kuliko mwanzo. Suluhisho la kudumu ni kupigilia kabari mpya, au kuchonga mpini mwingine kutoka mti mkavu wenye nyuzi zilizonyooka.

Makali nayo yana kazi zake. Shoka la kuangushia mti huwa jembamba na kali ili likate nyuzi kwa kuzivuka. La kuchanjia linatakiwa kuwa nene mgongoni, kwa kuwa kazi yake si kukata bali kutenganisha nyuzi. Shoka jembamba sana hudidimia kwenye pingili na kunasa, na kulinasua huchosha kuliko pigo lenyewe. Kwa magogo yaliyoshindikana, kabari za chuma na nyundo nzito ndizo zinazomaliza ubishi.

Mchanjaji mzoefu huanza kwa macho. Huigeuza pingili na kutafuta nyufa ndogo zinazotoka kwenye kiini kuelekea ukingoni, maana huko ndiko mti umeshaanza kujigawa. Pingili nyembamba huipiga katikati, kando ya ufa. Pingili nene haianzii katikati. Huimenya kutoka ukingoni, kipande baada ya kipande, akiizunguka hadi kibaki kiini peke yake. Penye fundo la tawi hapagusi kwanza, kwa sababu nyuzi zimejisokota hapo. Hupasua pande zake, kisha fundo huliacha liwe gogo la usiku, lile linalotunza moto hadi asubuhi.

Nguvu si jambo la kwanza. Uzito wa shoka ukiongezwa mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara mbili. Kasi yake ikiongezwa mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu mzee mwembamba mwenye shoka jepesi anaweza kumshinda kijana mwenye misuli. Mkono mmoja huteleza kwenye mpini kutoka karibu na chuma hadi kukutana na mwenzake chini, magoti hukunjwa chuma kinaposhuka, na macho hayaondoki mahali panapopigwa.

Aina ya mti huamua siku ya kuchanja. Mwati hupasuka bila taabu nyingi. Mkaratusi, ambao wenyeji wengi wa nyanda za juu huuita mlingoti, huchanjwa vizuri ukiwa bado mbichi. Ukishakauka ukiwa pingili nzima, nyuzi zake hukaza na shoka hudunda. Anayekata milingoti Jumamosi na kuiacha ikae miezi mitatu ndipo aichanje amejiongezea kazi, na bado ndani itakuwa na maji.

Pingili huwekwa juu ya gogo pana la kuchanjia, lenye kimo cha chini kidogo ya goti, ili shoka likipitiliza liishie kwenye mti na lisifikie mguu. Chini ya gogo pawe na udongo, si mwamba unaorudisha chuma. Watoto hukaa mbali, kwa sababu kibanzi huweza kuruka mita kadhaa, na viatu vya ngozi au buti za mpira ni bora kuliko ndala. Majeraha ya kuni hutokea kirahisi jioni, mtu akiwa amechoka na amebakiza pingili mbili tatu.

Kupanga ni kukausha

Kuni zilizochanjwa zikitupwa chini zikawa rundo, zile za chini huoza na zile za katikati huvunda. Adui wa kwanza ni mchwa. Kwa hiyo kuni hupangwa juu ya miti miwili iliyolazwa sambamba juu ya mawe au matofali, ili pabaki nafasi ya shubiri moja au zaidi kutoka ardhini. Nafasi hiyo hupitisha hewa, na mchwa wakijenga njia zao za udongo kupanda juu, huonekana na kubomolewa mapema.

Mwishoni mwa safu, kuni hupangwa kwa kupishana, tabaka moja likielekea huku na linalofuata likikatiza, hadi zisimame kama nguzo zinazozuia safu isiporomoke. Katikati, kuni hulazwa upande mmoja, ncha zikitazama upepo unakotoka, bila kubanwa sana. Tabaka la juu hulazwa gome likiangalia mbinguni ili litelezeshe mvua. Juu kabisa huwekwa bati chakavu lenye mteremko, na pande huachwa wazi. Kosa la kawaida ni kulifunika rundo zima kwa turubai hadi chini: mvua haiingii, lakini mvuke nao hautoki, na ukungu huota.

Ukuta wa nyumba wenye jua unafaa, mradi ibaki nafasi ya kupita mkono. Rundo lililoegemezwa ukutani huwapa mchwa ngazi ya kufikia paa. Nge, tandu na nyoka nao hupenda humo, ndiyo maana mtoto hatumwi kuchukua kuni usiku bila taa, na ukuni huvutwa kwa kuushika juu, si kwa kupenyeza vidole chini yake.

Jikoni kwenyewe kuna uchaga, jukwaa la fito juu ya mafiga, ambako kuni za siku chache zijazo humalizia kukaukia. Ndio ule wa methali inayosema kuwa kuni zilizo juu ya uchaga huzicheka zilizo motoni. Uchaga ni msaada mzuri kwa kuni zilizokwisha kukauka nje. Ukijazwa kuni mbichi, joto la jiko hutumika kukausha akiba na nyumba hujaa unyevu, na fito zilizokauka sana zikiwa karibu na ndimi za moto zinaweza kushika moto.

Kuni za mwati au mlingoti zilizochanjwa nyembamba mwezi Mei na kupangwa hivyo huwa tayari kabla ya mvua za Novemba. Ukuni mkavu una nyufa zinazoonekana kwenye ncha, gome lake hubanduka kwa kidole, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa mlio mkavu wa juu. Vilivyo vibichi hutoa mlio mzito, uliozimika. Mwenye shaka anaweza kuupima ukuni mmoja kwenye mizani ya duka, kuurudisha kwenye safu na kuupima tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, maji yanayoweza kutoka kwa jua na upepo yameshatoka.

Mzigo mwepesi, miti michache

Faida ya kwanza huonekana shingoni. Mzigo wa kuni mbichi wa kilo 30, wenye maji nusu kwa nusu, ukichanjwa na kuachwa ukauke hadi maji yawe asilimia 20, hubaki na kilo zisizozidi 19. Joto lote la mti limo, na kilo 11 za maji zimeachwa njiani bila mtu kuzibeba. Familia yenye shamba lake la miti inaweza kuchanja na kupanga huko huko shambani, kisha kusomba baada ya miezi miwili.

Mwaka 1977 mwanamazingira Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti, nchini Kenya baada ya kuwasikia wanawake wa vijijini wakieleza kwamba vijito vinakauka na kuni zinafuatwa mbali zaidi kila mwaka. Alikulia Nyeri, na katika kumbukumbu za maisha yake alieleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni kwenye mugumo, mti mtakatifu kwa Wakikuyu. Katika jamii nyingi shoka lina mipaka ya namna hiyo, na mingine ni ya afya: mnyaa, kwa mfano, hutoa utomvu mweupe unaochoma ngozi na unaoweza kujeruhi macho vibaya, na haufai kabisa kuchanjwa kwa ajili ya jiko.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Hilo ni lengo jema, na kila nyumba inayopata gesi au umeme wa bei inayomudika inapaswa kuhama. Lakini kwa familia ambazo mtungi bado haujafika, au umefika na kujazwa tena kunashindikana, miaka hii kumi si ya kupikia kuni mbichi. Miti miwili ya kulaza chini, bati chakavu na shoka lenye mpini imara vinatosha kuanza.

Kazi hiyo inakwenda pamoja na kutunza visiki. Mlingoti ukikatwa karibu na ardhi, kwa mkato safi wenye mteremko unaomwaga maji ya mvua, na gome la kisiki lisipobanduliwa, huchipua upya. Machipukizi yakipunguzwa yakabaki mawili au matatu yenye afya, huvunwa tena baada ya miaka michache bila kupanda mche. Mwati hauchipui vizuri hivyo. Huota kwa mbegu, nazo huamshwa na joto, ndiyo maana miche hujaa pale matawi yalipochomwa. Mwenye shamba huipunguza ikiwa bado midogo, ili inayobaki ipate nafasi ya kunenepa, na ile iliyong'olewa huifunga matita na kuianika juani. Ikifika Novemba huwa imekauka kabisa, tayari kwa kukokea moto.